UZI: Mississippi baada ya Vita Kuu ya Pili. Pamba ilipata mashine, watu wa pamba walikwenda wapi?

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Vuteni viti, uzi huu ni mrefu.

Kila zikitoka takwimu za kipato cha majimbo ya Marekani, Mississippi huwa mkiani. Ndivyo ilivyo leo na ndivyo ilivyokuwa enzi za babu zetu. Wengi hutaja ubaguzi wa rangi, mada ikafungwa hapo. Ubaguzi ulikuwepo na nitausema wazi, ila nataka tuone ulivyopita ndani ya shamba, ndani ya benki na ndani ya ofisi ya kilimo ya kaunti. Huko ndiko mali ya jimbo zima ilikogawanywa upya kati ya 1940 na 1970.

Anzeni na sensa. Mwaka 1940 Mississippi ilikuwa na watu 2,183,796. Mwaka 1960 ilikuwa na watu 2,178,141. Miaka 20 ya watoto kuzaliwa, tena kwa familia za mashambani zenye watoto wengi, halafu jimbo linabaki na watu pungufu kuliko lilioanza nao! Mashamba yaliyohesabiwa 1940 yalikaribia 290,000. Kufika 1969 yalibaki kama 73,000. Hesabu za kule zilichukulia kila kipande kinacholimwa na familia moja kuwa shamba, hata kama ardhi yenyewe ni ya bwana mmoja. Kwa hiyo kilichopungua hapo ni familia zilizokuwa zinalima. Ardhi ilibaki palepale.

Sehemu ya kuangalia kwa makini inaitwa Delta. Msidhani ni mdomo wa mto. Ni tambarare ya udongo wa mafuriko kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, kuanzia karibu na Memphis kushuka hadi Vicksburg. Huko pamba ilikuwa ndiyo maisha. Bwana mwenye shamba ana maelfu ya ekari. Kila familia nyeusi anaipa kipande, nyumba ya mbao, nyumbu, mbegu, na chakula cha mkopo kutoka duka la shamba. Mavuno ni nusu kwa nusu, na ile nusu ya mkulima inakatwa deni kwanza. Daftari analishika bwana mwenyewe. Desemba ndipo anakwambia umebakiza nini, na familia nyingi ziliambiwa bado zinadaiwa, zirudi tena msimu ujao.

Sasa tarehe 2 Oktoba 1944, vita bado vinapiganwa, umati ulikusanyika kwenye shamba la Hopson nje kidogo ya mji wa Clarksdale kuangalia mashine nane nyekundu za kampuni ya International Harvester zikichuma pamba. Mtu hodari alichuma kama kilo 9 kwa saa. Mashine moja ilichuma kama kilo 450. Hopson walipiga hesabu zao: robota moja likichumwa kwa mashine linagharimu dola 5.26, likichumwa kwa mikono dola 39.41. Mashine moja ilibeba kazi ya watu 50.

Naomba niishie hapa kwanza nisome maoni yenu.

MtuWaPamba

Mkuu uzi mzuri, naweka kambi. Mimi ni wa Simiyu, pamba nimezaliwa nayo. Nina swali la mkulima. Kuchuma ni kazi, sikatai. Lakini pamba inakuua kwenye kupalilia. Magugu yakikuzidi mwezi wa kwanza, hata hicho cha kuchuma hukioni. Hiyo mashine inachuma, je, jembe alishika nani? Kama jembe bado ni la mkono, basi bwana shamba bado anawahitaji watu, na hoja ya kwamba mashine iliwafukuza sijaielewa.

Mleta uzi

MtuWaPamba, umeuliza swali ambalo vitabu vingi vinalipita haraka, na jibu lake ndilo kiini cha uzi.

Pamba ya Delta ilikuwa na kazi tatu nzito: kulima na kupanda, kupalilia, na kuchuma. Kulima kulishaanza kuchukuliwa na trekta toka miaka ya 30. Mwaka 1933 serikali ya Washington ilianza kuwalipa wakulima wapunguze ekari za pamba ili bei ipande, na fedha zile zilipitia mikononi mwa wenye ardhi. Wengi walizinunulia matrekta, wakaziondoa baadhi ya familia. Kuchuma ndiko kulikochukuliwa na mashine baada ya vita, taratibu, mwaka hadi mwaka. Palizi ikabaki ya mkono.

Fikiria sasa hesabu ya bwana shamba. Zamani alilazimika kuitunza familia mwaka mzima ili awe na mikono ya kupalilia mwezi wa tano na wa sita, na ya kuchuma kuanzia wa tisa. Kuchuma kukiondoka, anabaki na wiki chache za jembe. Kwa wiki chache hana sababu ya kumpa mtu nyumba wala kipande cha shamba wala mkopo wa unga. Kwa hiyo nyumba zikabomolewa au zikachomwa, mahali pake pakapandwa pamba, familia zikahamia pembezoni mwa miji midogo. Alfajiri lori au basi linapita kuwakusanya, wanapalilia kutwa, wanarudishwa jioni. Ujira wa kupalilia katikati ya miaka ya 60 ulikuwa dola 3 kwa siku.

Hivyo mkulima wa nusu kwa nusu aligeuzwa kibarua wa siku kabla hajafukuzwa kabisa. Na alipokuwa mkulima, japo alidhulumiwa, alikuwa na bustani, kuku, nguruwe na paa. Kibarua hana hata hivyo.

Palizi nayo ilikuja kuondoka. Dawa za kuua magugu zilienea miaka ya 50 na 60. Mwaka 1965 vibarua wa Shaw, kaunti ya Bolivar, waliunda chama chao na kugoma, wakidai dola 1.25 kwa saa. Bunge la Marekani likabadili sheria mwaka 1966, na kuanzia tarehe 1 Februari 1967 kima cha chini cha dola 1 kwa saa kikawahusu na wafanyakazi wa mashamba makubwa. Ilikuwa haki yao na ilichelewa sana. Lakini wenye mashamba walikuwa tayari na mashine na dawa mkononi. Msimu uleule maelfu ya watu hawakuitwa tena.

MchumiWaMtaani

Mleta uzi, heshima kwako, ila niruhusu nipingane kidogo. Hadithi hii ni ya dunia nzima. Nchi zote zilizoendelea zilipunguza watu shambani. Iowa nayo ilipunguza, Ufaransa ilipunguza, Japani ilipunguza. Isitoshe, watu walianza kuondoka kabla ya mashine. Wakati wa vita viwanda vya Chicago na Detroit viliita mikono, watu wakapanda treni, na wenye mashamba wakanunua mashine kwa sababu walikosa wachumaji. Mashine iliziba pengo. Tusiigeuze kuwa shetani.

Mleta uzi

Ndugu yangu MchumiWaMtaani, nusu ya hoja yako naikubali bila ubishi. Miaka ya 40 watu walivutwa. Treni ya Illinois Central ilipita katikati ya Delta moja kwa moja hadi Chicago, na kila barua iliyotoka kule ilizungumzia mshahara wa wiki. Mwanamuziki Muddy Waters aliacha trekta kwenye shamba la Stovall, hapohapo karibu na Clarksdale, mwaka 1943 akaenda zake Chicago. Wenye mashamba walilalamika kweli kukosa watu. Weusi wa Chicago walikuwa kama 278,000 mwaka 1940. Mwaka 1960 walikuwa kama 813,000.

Lakini miaka ya 50 na 60 upepo ulibadilika, wakawa wanasukumwa. Na walikokwenda napo palikuwa pameanza kufunga milango. Machinjio makubwa ya Chicago yalikuwa yanapungua miaka hiyohiyo, na eneo la Union Stock Yards lilifungwa kabisa 1971. Aliyeondoka 1943 alikuta kazi. Mpwa wake aliyeondoka 1963 alikuta foleni.

Kuhusu "dunia nzima": kweli watu hutoka shambani kila mahali. Swali langu ni wanatoka na nini mkononi. Mkulima wa Iowa aliyeacha kilimo mara nyingi alikuwa na ardhi ya kuuza, akaweka benki, akasomesha. Familia ya Delta iliyofanya kazi vizazi vitatu ilitoka na nguo na tiketi ya treni. Faida yote ya mashine ilibaki kwa aliyekuwa na hati.

Bintiwapwani

Shikamooni wakubwa. Mimi nauliza kuhusu vijana waliorudi vitani. Nilisoma kwamba Marekani iliwapa askari wake mikopo ya nyumba, mashamba na masomo, na ndiyo iliyojenga tabaka lao la kati. Weusi wa Mississippi walipigana pia. Hawakupata?

Mleta uzi

Marahaba, dada Bintiwapwani. Sheria yenyewe ya 1944 haikutaja rangi. Ila mkopo ulitolewa na benki ya mtaani, serikali ikiudhamini tu, na benki za Mississippi tunazijua. Uchunguzi wa mwaka 1947 katika miji 13 ya jimbo hilo ulikuta mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba iliyodhaminiwa kwa wapiganaji wa zamani. Iliyokwenda kwa weusi ilikuwa 2.

Naomba usome namba hizo mara mbili. Jimbo ambalo karibu nusu ya watu wake walikuwa weusi.

Na aliyejaribu kudai alibanwa tumboni kwanza. Mwaka 1954 mjini Indianola weupe wenye uwezo walianzisha Baraza la Raia, na silaha yao kubwa ilikuwa uchumi. Mwaka uliofuata weusi 53 wa Yazoo City walitia saini ombi la shule za pamoja. Majina yao yakachapishwa gazetini kama tangazo. Wakafukuzwa kazi, wakanyimwa mkopo, wenye maduka hawakuuziwa bidhaa za jumla. Karibu wote wakaondoa majina. Majira ya baridi ya 1962, kaunti ya Leflore ilisitisha chakula cha msaada cha serikali kuu kilichokuwa kikilisha zaidi ya watu 20,000, wakati ambapo weusi wa Greenwood walikuwa wanajiandikisha kupiga kura. Nikisema ubaguzi ulipita ndani ya uchumi, namaanisha mambo haya.

MchumiWaMtaani

Hapo kwenye 2 kati ya 3,229 umenigusa, mkuu, sitabisha. Ila jimbo si lilijaribu kujenga viwanda? Kama kilimo kinatema watu, kiwanda kiwapokee. Huo ndio mpango wa kawaida.

Mleta uzi

Lilijaribu, na mapema kuliko majirani zake. Gavana Hugh White, mfanyabiashara wa mbao kutoka mji wa Columbia, aliona misitu imekatwa ikaisha na viwanda vya mbao vikafungwa. Mwaka 1936 alipitisha sheria ya kusawazisha kilimo na viwanda. Mji unapiga kura, unauza hati fungani, unajenga jengo la kiwanda, unampangisha mwekezaji kwa kodi ndogo na kumsamehe ushuru. Ilifutwa 1940, ikarudishwa 1944, na majimbo mengi ya kusini yakaiga. Kiwanda cha meli cha Ingalls kule Pascagoula, pwani, kilianza kwa sheria hiyo, na kikaja kuwa mwajiri mkubwa kuliko viwanda vyote vya jimbo.

Lakini angalia aina ya viwanda vingi vilivyokuja. Vilikuwa vya nguo, vikitafuta ujira mdogo na mahali pasipo na vyama vya wafanyakazi. Jimbo liliwahakikishia hilo kwa sheria ya 1954 na kuliweka kwenye katiba yake 1960. Na karibu wote walioajiriwa kushona walikuwa wanawake weupe kutoka vilimani. Weusi walipewa ufagio, hadi Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilipofungua mlango. Huko Delta nako wenye mashamba wengi hawakutaka kiwanda, kwa sababu kingepandisha ujira wa kibarua. Walipoacha kuwahitaji vibarua, viwanda vilishakwenda kwingine. Kiwanda kilichokuja kwa ajili ya ujira mdogo kikahamia kwenye ujira mdogo zaidi, na baada ya mkataba wa biashara na Mexico wa 1994 vingi viliondoka.

Sasa nitoe mfano mzuri, maana upo, tena ndani ya jimbo hilohilo. Tupelo, kaunti ya Lee, kaskazini mashariki. Nchi ya vilima, wakulima wadogo, udongo uliochoka. Mwaka 1936 kimbunga kiliwaua zaidi ya watu 200. Mji ulikuwa na bahati moja: 1934 ulikuwa wa kwanza kupata umeme wa mamlaka ya bonde la Tennessee. Na ulikuwa na mwenye gazeti aliyeitwa George McLean. Aliwaendea wafanyabiashara wa mjini akawaambia waziwazi kwamba duka la nguo haliwezi kufanikiwa kama mkulima wa kijijini hana senti. Wakachanga, wakanunua dume bora la ng'ombe, wakaanzisha uhimilishaji kwa ng'ombe wa wakulima wa jirani. Mkulima wa pamba, anayeona fedha mara moja kwa mwaka, akaanza kuona fedha ya maziwa kila wiki, na ikatumika Tupelo. Kisha wakaunda mabaraza ya maendeleo vijijini, na 1948 taasisi ya maendeleo ya mji mzima. Mwaka huohuo Morris Futorian alifungua kiwanda cha makochi New Albany, maili chache kutoka hapo, na eneo lote likageuka kuwa la samani. Mkulima alilala kwake, akafanya kazi kiwandani, akabaki na ng'ombe wake. Toyota walipojenga kiwanda Blue Springs na kukifungua 2011, walikuta wafanyakazi wa kiwandani wa vizazi viwili.

Sisemi Tupelo ilikuwa peponi. Ubaguzi wa shule na ajira ulikuwepo huko kama kwingine. Nasema tu kwamba pale fedha za mjini ziliwekwa kwa mkulima mdogo mwenye ardhi yake, na matunda yakaonekana. Delta, yenye udongo bora mara kumi, iliendelea kuwaona watu wake kama gharama ya kupunguzwa.

AlikoMemphis

Wakuu, mimi nipo Memphis, njia ya 61 kusini naipita kikazi. Mleta uzi anasema kweli. Ukishaingia Delta unaendesha muda mrefu sana bila kuona mtu shambani. Soya, mahindi, mpunga, pamba kidogo. Msimu wa mavuno mashine moja kubwa, dereva mmoja ndani ya kioo chenye kiyoyozi.

Niongeze kambale. Miaka ya 60 bei ya pamba ilipoyumba, baadhi ya wenye mashamba walichimba mabwawa kwenye udongo wa mfinyanzi wakafuga kambale. Mji wa Belzoni ukajiita mji mkuu wa kambale duniani. Ilileta kazi, lakini ardhi na mabwawa ni ya walewale, na kisu cha kuchuna samaki kikashikwa na wanawake weusi, watoto wa wale wapalilia pamba. Mwaka 1990 kiasi cha 1,000 kati yao waligoma miezi mitatu kwenye kiwanda cha Delta Pride, Indianola. Moja ya malalamiko yao ilikuwa kuhesabiwa dakika za kwenda chooni. Walishinda mengi. Baadaye samaki wa bei nafuu kutoka Vietnam na bei ya chakula cha samaki vikaifyeka biashara, mabwawa mengi yamerudishwa kuwa soya.

Kuku ndio wameshika jimbo sasa. Huko katikati, Morton na Forest, kiwanda kinakupa vifaranga na chakula, wewe unajenga banda kwa mkopo wa benki na kulea. Ndilo zao la kwanza la kilimo Mississippi leo kwa thamani.

Bintiwapwani

Na wenyewe weusi hawakujaribu kujijengea kitu? Ushirika hivi?

Mleta uzi

Walijaribu, dada. Fannie Lou Hamer wa Ruleville, kaunti ya Sunflower, alikuwa mtunza muda kwenye shamba la pamba. Tarehe 31 Agosti 1962 alikwenda Indianola kujiandikisha kupiga kura, na siku hiyohiyo akafukuzwa shambani alikoishi miaka 18. Wengi wanamjua kwa siasa. Mimi namheshimu zaidi kwa alichofanya 1969: alianzisha ushirika wa Freedom Farm, ukaanza na ekari 40, ukafika zaidi ya 600. Walilima mboga na maharage kwa ajili ya kula kwanza. Walikuwa na benki ya nguruwe: unapewa jike, linazaa, unarudisha ili jirani naye apate. Hilo mkulima yeyote wa kwetu analielewa bila kufundishwa. Ukame, mafuriko, madeni na uchache wa fedha viliuangusha katikati ya miaka ya 70, na Hamer mwenyewe akafariki Machi 1977.

Kwenye kaunti yake hiyohiyo seneta James Eastland alikuwa na shamba la zaidi ya ekari 5,000. Mwaka 1967 alilipwa ruzuku ya serikali zaidi ya dola 100,000 kwa kushiriki mpango wa pamba. Mwezi Aprili mwaka huo Robert Kennedy na wenzake wa Seneti walitembelea Delta wakakuta watoto wenye njaa ndani ya nyumba tupu.

Kuna jingine linalotuhusu moja kwa moja. Bob Moses, aliyeongoza kazi ya kuandikisha wapiga kura Mississippi, aliishi Tanzania kuanzia 1969 hadi 1976 akifundisha hisabati Same, Kilimanjaro. Aliporudi Marekani alianzisha mradi wa aljebra kwa watoto wa shule maskini na akaurudisha Mississippi. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto asiyejua hisabati katika uchumi wa sasa yuko pale alipokuwa mkulima wa nusu kwa nusu asiyeweza kulisoma daftari la bwana.

MtuWaPamba

Mkuu, la mwisho. Huku kwetu shamba ni langu, hata kama ni ekari tatu. Je, kule hakukuwa na weusi wenye ardhi yao? Na kama walikuwepo, mambo yao yalikwendaje?

Mleta uzi

Walikuwepo. Wengi waliipoteza, kwa sababu kamati za kilimo za kaunti ndizo zilizogawa ekari za pamba zinazoruhusiwa, na zilikuwa za weupe watupu hadi katikati ya miaka ya 60. Mikopo ya serikali iliwafikia msimu umepita. Kesi ya wakulima weusi dhidi ya wizara ya kilimo ya Marekani ilimalizika kwa makubaliano 1999, na fidia ikafika karibu dola bilioni 1, wengi wao wakiwa hawana shamba tena.

Lakini nenda kaunti ya Holmes, mahali panaitwa Mileston. Mwanzoni mwa miaka ya 40 serikali ya Roosevelt ilinunua mashamba makubwa yaliyofilisika pale, ikayakata, ikaziuzia kwa mkopo wa muda mrefu zaidi ya familia 100 za weusi waliokuwa wakilima nusu kwa nusu. Wakawa na mashine yao ya kuchambulia pamba na duka la ushirika. Aprili 1963, watu 14 wa Holmes walipokwenda mahakamani Lexington, makao makuu ya kaunti hiyo, kujiandikisha kupiga kura, kiini chao kilikuwa wakulima wa Mileston, akiwemo Hartman Turnbow. Nyumba ya Turnbow ilirushiwa mabomu ya moto wiki zilizofuata, naye akajibu kwa bunduki yake. Bwana wa kumfukuza shambani hakuwepo, maana shamba lilikuwa lake. Mwaka 1967 kaunti hiyo ilimchagua mwalimu Robert Clark, akawa mweusi wa kwanza wa karne ya 20 kuingia bunge la jimbo la Mississippi, na alikaa humo zaidi ya miaka 30.